Ushuru Uliosamehewa, Minofu Iliyozuiliwa: Sangara wa Ziwa Viktoria katika Mikataba Yetu na Ulaya



Nimetakiwa na waandalizi nieleze kwanza maana ya mkataba wa upendeleo wa biashara. Nami, kwa kuwa sidhani hadhira hii ina asiyeijua, nasema kwa mukhtasari kwamba ni ahadi ya mataifa tajiri kupokea bidhaa za mataifa maskini kwa ushuru mdogo au bila ya ushuru. Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba na Ulaya mjini Arusha mwaka 1969; ukaja mkataba wa Lomé mwaka 1975, kisha wa Cotonou mwaka 2000; na ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao Kenya na Rwanda ziliutia saini mwaka 2016 na Tanzania ikaukataa, ukaishia kwa Kenya kutia saini wake wa peke yake Disemba 2023. Mabingwa wa mambo hayo wamo humu ukumbini.

Shauri langu ni samaki.

Sangara, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, alikuwa kufikia miaka ya 1990 amejaza viwanda vya Mwanza, Kisumu na Jinja, na minofu yake, kwa fadhila ya Lomé, ikiingia Ulaya bila ya ushuru. Ilhali Disemba 1997, kipindupindu kilipoenea katika nchi zetu, Ulaya ilizuia samaki wetu wabichi, nao wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wakieleza kwamba hatari ya ugonjwa huo kusafiri na shehena za samaki ni ndogo. Zuio likadumu hata katikati ya mwaka 1998. Hatukuwahi kushusha pumzi, mwaka 1999 zikatokea habari za wavuvi wanaotumia sumu, soko likafungwa tena, likaja kufunguliwa mwaka 2000, kila nchi kwa zamu yake. Katika miezi yote hiyo haikufutwa hata herufi moja ya Lomé. Ushuru ulikuwa sifuri, na mauzo ya samaki wabichi Ulaya hali kadhalika.

Nilikuwa mkaguzi wa samaki siku hizo. Wenye mitumbwi hawakuniuliza kiwango cha ushuru. Waliuliza kiwanda kitafunguliwa lini, na wanawake waliozoea kukaanga mapanki, yaani mabaki ya samaki aliyekwisha kukatwa minofu, walirudi na makarai matupu, kwani pasipokatwa minofu hapana mapanki. Kuthibitisha kwamba samaki hana sumu kulihitaji maabara yenye ithibati, na sampuli nyingine ilibidi zisafirishwe ng'ambo, majibu yakangojwa kama barua ya posa. Sisemi haya kuilaumu idara yoyote, wala sikanushi haki ya mlaji wa Ulaya kuilinda afya yake. Illa nimeyaandika katika taarifa nisizoweza kuzihesabu, na kila mara nimejibiwa, kwa adabu kamili, ya kuwa shauri langu limepokewa.

Kwa hiyo napendekeza, kwanza, gharama za maabara ziandikwe ndani ya mkataba kuwa wajibu wa pande zote mbili, si hisani ya msimu. Kadhalika, zuio lolote litanguliwe na ushahidi wa sampuli, kwa kuwa ushahidi wa kisayansi ndio msingi wa kanuni za afya za Shirika la Biashara Duniani zilizoanza mwaka 1995, na lihusu mwalo ulioonekana na dosari, si nchi tatu kwa mkupuo. Mialo nayo ipewe sakafu, maji safi na barafu, maana samaki huharibika ufukweni kabla hajafika kwa mkaguzi. Wajumbe wa majadiliano wasiwe mabingwa wa ushuru peke yao. Awemo hata mkaguzi mmoja aliyewahi kushika sangara. Fedha za mialo zisichanganywe na fedha za semina, na waandalizi watanisamehe. Na ingawa nimekwisha kulisema, nalisema tena ili liingie katika kumbukumbu za mkutano: maabara, yenye ithibati, yenye watumishi wake na kemikali zake, kabla ya saini na si baada yake.