Kumlipa Mkulima wa Mlimani: Motisha ya Fedha na Usafi wa Maziwa Yetu



Hoja yangu ni moja: anayetumia maji ya ziwa amlipe mkulima wa mlimani ili udongo ubaki shambani. Sheria tunazo na faini zimeandikwa. Lakini mwenye ekari moja ya viazi kwenye mteremko hataacha sehemu ya shamba bila kulimwa kwa faida ya watu asiowajua, ilhali karo ya watoto inamsubiri.

Wakulima wetu wadogo hutumia mbolea ya viwandani kidogo sana wakilinganishwa na wenzao wa Ulaya. Mbona basi maji ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, huko Kisumu, hugeuka kijani? Majitaka ya miji yana sehemu yake, lakini tuutazame udongo. Fosforasi hung'ang'ania chembe za udongo. Shamba likilimwa kufuata mteremko, mvua ya masika huteremsha tope jekundu hadi mtoni, na tope hilo ndiyo rutuba ya mkulima mwenyewe. Likifika ziwani hulisha mwani. Mwani ukifa na kuoza, oksijeni hupungua majini na samaki hufa.

Kwenye Ziwa Naivasha wamelijaribu jambo hili la kumlipa mkulima. Mto Malewa, unaolipatia ziwa hilo sehemu kubwa ya maji yake, hutoka milima ya Nyandarua, kwenye mashamba madogo ya viazi, kabichi na ng'ombe wa maziwa. Chini, kando ya ziwa, yapo mashamba makubwa ya maua. Kwa usaidizi wa mashirika ya WWF na CARE, chama cha watumiaji maji cha huko chini kilikubaliana na wakulima wa Wanjohi na Turasha kule juu: wapande nyasi za nepia kukatiza mteremko, wachimbe matuta ya fanya juu (udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu), wapande miti na waache kulima ukingoni mwa mto. Malipo yalianza 2010, kwa vocha za pembejeo zenye thamani ya takriban dola 17 za Marekani kwa kila mkulima kwa mwaka.

Ni kiasi kidogo mno. Kilichowabakisha wakulima wengi ni nepia yenyewe: ng'ombe walipata malisho na maziwa yakaongezeka. Vocha ilifungua mlango tu. Tena ukanda wa nyasi huonekana kwa macho. Mkaguzi hahitaji maabara kujua kama upo. Ningependa tu vocha ya namna hii inunue mbegu, miche na malisho kabla ya mifuko ya mbolea, tusije tukalipia kile tunachokizuia.

New Zealand walipita njia nyingine. Ziwa Taupo lilitishiwa na naitrojeni, ambayo huyeyuka na kupenya chini kwa chini kutoka malisho ya ng'ombe. Kila shamba likawekewa kikomo, na mkulima akaruhusiwa kuuza sehemu ya haki yake. Mfuko wa umma wa takriban dola milioni 80 za nchi hiyo ulinunua haki hizo na kuzifuta, lengo likiwa kupunguza naitrojeni inayotokana na shughuli za binadamu kwa asilimia 20. Mpango ule unataka hesabu za kila shamba, jambo gumu kwenye mabonde yetu yenye maelfu ya vishamba. Cha kuiga ni kwamba fedha ilikuwa ya ndani, ya walipa kodi wenyewe. Motisha inayotegemea mfadhili hukatika mradi unapofungwa, na nyasi hung'olewa msimu unaofuata.

Naomba semina hii ipendekeze tozo ndogo kwenye bili za maji za miji ya kando ya Ziwa Victoria, pamoja na mchango wa wenye hoteli na wafugaji wa samaki wa vizimba, ambao ndio hupata hasara ya kwanza samaki wakifa. Fedha hiyo iende moja kwa moja kwenye vyama vya wakulima wa mabonde ya Nyando na Nzoia. Na mkataba uandikwe kwa jina la anayelima, hata kama hati ya shamba si yake, kwani mara nyingi mwenye jembe ni mwanamke na ndiye atakayeutunza ukanda ule wa nyasi.