Muuguzi wa Miaka Miwili na Muuguzi wa Miaka Minne

(Maneno yaliyosemwa na Kamati ya Masomo mbele ya mkutano wa tawi)



Katika mkutano uliopita mama mmoja wa idara ya kufua nguo alisimama akatuuliza swali, nasi hatukuwa na jibu. Binti yake yuko Marekani na anataka kusomea uuguzi. Ameambiwa kuna njia mbili, chuo cha miaka miwili na chuo kikuu cha miaka minne, na mwisho wa njia zote mbili mtu huitwa muuguzi. Mama akasema, "Ninyi mwataka kunichangia. Je, nichangiwe miaka miwili au minne?" Watu walicheka. Sisi wa Kamati hatukucheka, maana pesa zitakazotoka ni za mishahara yetu. Tulikwenda tukatafuta, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Zamani huko Marekani wauguzi wengi walifundishwa hospitalini kwa miaka mitatu, wakapata diploma. Wanafunzi hao ndio walioshika kazi za wadi mchana na usiku, na hospitali haikuwalipa mshahara wa mfanya kazi. Wazee wetu waliofundishwa kwa mtindo huo wanajua tunalosema. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wauguzi walikuwa haba sana. Mwaka 1951 mwalimu mmoja, Bibi Mildred Montag, aliandika katika Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, kwamba yafaa awepo fundi wa uuguzi, atakayesoma miaka miwili katika chuo cha jamii badala ya kufundishwa na hospitali. Fundi huyo angefanya kazi akiongozwa na muuguzi aliyesoma zaidi. Mwaka 1952 jambo hilo lilianza kujaribiwa katika vyuo vichache, na likaenea upesi. Digrii hiyo ya miaka miwili huitwa asoshieti. Ile ya miaka minne huitwa bachela.

Sasa sikilizeni vizuri. Fikira ya Bibi Montag ilikuwa ngazi mbili, lakini vijana hao walipomaliza walipewa mtihani ule ule wa leseni, na leseni ile ile, na kitanda kile kile cha mgonjwa. Hata leo ni hivyo. Mtihani huitwa NCLEX, nao haumwulizi mtu alikaa darasani miaka mingapi. Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa.

Mwaka 1965 Chama cha Wauguzi wa Marekani kilitangaza kwamba anayetaka kuitwa muuguzi kamili sharti awe na digrii ya miaka minne, na wa miaka miwili aitwe fundi. Wenye vyuo vidogo walikataa, matajiri wa mahospitali wengi walikataa, na wauguzi wenyewe waligawanyika. Jimbo la North Dakota peke yake lilithubutu kuweka sharti hilo, mwaka 1987, na mwaka 2003 likaliondoa. Jimbo la New York lilipita njia nyingine: sheria ya Desemba 2017 yasema muuguzi mpya aweza kuanza kazi na digrii ya miaka miwili, lakini apate ile ya miaka minne kabla ya miaka 10 kwisha. Waliokuwa na leseni tayari hawakuguswa. Sisi watu wa chama twaipenda sana sentensi hiyo ya mwisho.

Je, mafundisho yenyewe yanatofautiana namna gani? Mwili wa binadamu, dawa, uzazi, watoto, wagonjwa wa akili, kazi ya wadi, hayo yote yamo katika njia zote mbili. Miaka minne huongeza afya ya watu vijijini na mitaani, kusimamia wengine, kusoma utafiti na kuupima, hesabu za takwimu na masomo mengine ya chuo kikuu. Tena msidanganyike na neno "miaka miwili". Kabla ya kukubaliwa mwanafunzi hutakiwa kwanza apasi masomo ya sayansi, na vyuo vingi vina foleni. Wengi humaliza baada ya miaka mitatu au zaidi.

Tuje kwa mgonjwa, maana yeye ndiye mwenye haki ya kwanza. Mwaka 2003 Profesa Linda Aiken na wenzake walitoa habari za hospitali 168 za Pennsylvania. Waliona kwamba wauguzi wenye digrii ya miaka minne wakiongezeka kwa asilimia 10, hatari ya mgonjwa wa upasuaji kufa katika siku 30 ilikuwa pungufu kwa asilimia 5. Mwaka 2014 wakatoa habari za hospitali 300 katika nchi 9 za Ulaya, na huko pungufu ilikuwa asilimia 7. Hizi si hesabu za kudharau, ingawa hazithibitishi kwamba digrii peke yake ndiyo iliyowaokoa watu. Huenda hospitali yenye wasomi wengi ina mambo mengine mazuri pia.

Lakini karatasi ile ya 2014 ina nusu ya pili. Kila muuguzi akiongezewa mgonjwa mmoja wa kumtunza, hatari ya kifo yapanda kwa asilimia 7. Basi matajiri huisoma nusu ya kwanza kwa sauti kubwa, wakawaambia wauguzi nendeni mkasome, na nusu ya pili huifunga katika saraka. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 1999 ya kuweka mpaka wa wagonjwa kwa kila muuguzi, na vyama vya wauguzi vilipigana sana kuipata. Ilianza kutumika mwaka 2004, na katika wadi za kawaida mpaka ni wagonjwa 5. Ndugu wa zamu ya usiku, msituulize ninyi mna wangapi. Twajua.

Kuhusu mshahara, katika hospitali nyingi tofauti ya mwanzo ni ndogo. Tofauti kubwa huja baadaye. Mtu akitaka kuwa msimamizi, au kufundisha, au kusoma digrii ya pili, bachela huulizwa. Hospitali nyingine humwajiri wa miaka miwili kwa mapatano kwamba atamaliza bachela kabla ya muda fulani. Kuna masomo ya kuongezea kwa watu wenye leseni, na mengi hufuatwa kwa intaneti baada ya kazi. Matajiri wengine hulipa karo, kisha humfunga mtu afanye kazi miaka fulani, na akiondoka mapema arudishe pesa. Karatasi kama hiyo isitiwe sahihi kabla ya kusomwa yote.

Nasi hapa Kenya tuna habari kama hiyo. Diploma ni miaka mitatu, digrii ni miaka minne na mwaka mmoja wa mazoezi. Kutoka mwaka 2005 Amref na Baraza la Wauguzi waliwafundisha wauguzi wa cheti kwa kompyuta ili wapate diploma wakiwa kazini, na wengine wenu mliomo humu mlisoma hivyo, watoto wakiwa wamelala.

Basi mama, jibu letu ni hili. Kama binti angekuwa na msaada wa chuo kikuu, tungesema miaka minne bila kusita. Kwa kuwa hana, naye anataka kujitegemea mapema, aanze na miaka miwili, apate leseni, alipwe mshahara wa muuguzi, kisha miaka inayobaki tajiri wake ailipe. Lakini kabla hatujatuma shilingi moja atuletee mambo matatu: jina la chuo na uthibitisho kwamba bodi ya wauguzi ya jimbo lake inakikubali; hesabu ya waliopasi NCLEX kutoka chuo hicho miaka iliyopita, ambayo bodi nyingi huitangaza wazi; na barua ya chuo kikuu kimoja ikisema masomo gani ya miaka miwili watayahesabu. Wako waliomaliza, kisha wakaambiwa waanze upya masomo waliyokwisha kuyalipia.

Mweka hazina ataanza kuandika ahadi zenu leo, lakini fedha zitakaa katika sanduku mpaka karatasi hizo tatu zifike.