Mkopo wa Pauni Tano
Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Mogogosiek

Tunajua majani chai yanangoja kuchunwa, hatutawaweka sana.

Kikundi chetu kimoja kilivunjika kwa deni ambalo halikufika hata bei ya mbuzi. Ndipo tukakumbuka duka moja la Uingereza.

Michael Marks alikuwa Myahudi aliyetoka milki ya Urusi, hana kitu, Kiingereza cha kubabaisha. Huko Leeds mwenye ghala, Isaac Dewhirst, akamkopesha pauni 5 za bidhaa. Akalipa kidogo kidogo. Mwaka 1884 alikuwa na meza sokoni. Kibao chake kikawaambia watu wasiulize bei, kila kitu ni peni moja. Basi, hata mtoto angetumwa asipunjwe. Mwaka 1894 Thomas Spencer, karani wa ghala lile lile, akaingia na pauni 300. Ndiyo Marks and Spencer hiyo.

Marks alifariki 1907, na baadaye mwanawe Simon akaongoza. Mama mmoja, Flora Solomon, alimkosoa Simon uso kwa uso juu ya hali ya wasichana wa dukani. Je, Simon alikasirika? La, alimwajiri arekebishe! Wafanyakazi wakapata chakula cha moto kwa bei nafuu, na matibabu.

Halafu vita vya 1939 vikaja, vile vile vilivyowapeleka wazee wetu Keya mpaka Burma. Mabomu yakaharibu maduka yao zaidi ya 100, na 16 yakaisha kabisa. Mwaka 1941 wafanyakazi wakafanya kile ambacho sisi tungekiita harambee: wakachanga pauni 5,000, ikanunuliwa ndege ya vita. Flora naye akatumia ujuzi wake wa kulisha wengi katika majiko ya umma.

Sasa tuulizane. Mtu anayechunwa tu kama ng'ombe wa maziwa, atachanga siku ya shida? Wale walichanga kwa sababu walikuwa wametunzwa kabla ya shida.

Familia ile iliongoza mpaka 1984, na duka lingali lipo. Lilianza na mkopo uliolipwa.

Kwa hiyo wenzetu, mkutano ujao daftari lifunguliwe mbele ya wote. Mwenye deni asikimbie, aje aseme atalipa lini. Na sisi wengine tusimcheke.