Ndoo Yenye Mifuko

Leo napenda kuzungumza nanyi habari ya jambo dogo, ambalo mtu aweza kulicheka akilisikia, nalo ni kuivika ndoo nguo yenye mifuko. Nawaomba mnivumilie kidogo, maana jambo hili lilianza nyumbani mwa dada yangu, usiku, na siku hiyo hapakuwa na aliyecheka.

Mtoto wake alishikwa na homa kali. Tulipokuwa tukijitayarisha kumpeleka hospitali, tulitafuta kijitabu chake cha kliniki, ambamo mmeandikwa uzito wake, chanjo alizopata, na dawa aliyopewa siku tatu kabla ya hapo. Hakikuonekana. Tulitazama chini ya godoro na nyuma ya picha za ukutani. Ndoo ya nguo ikapinduliwa, kisha ndoo ya maharagwe. Mwisho tukaondoka mikono mitupu, na daktari alipouliza mtoto amekwisha kunywa dawa gani na kiasi gani, tulitazamana tu. Mtoto alipona, twashukuru. Kijitabu kilionekana baada ya siku mbili, ndani ya ndoo ya mbegu. Nyanya yake ndiye aliyekiweka humo kisipotee, kisha akasafiri.

Basi kosa halikuwa uvivu wala uchafu, maana nyumba ile hufagiwa kila asubuhi. Kosa ni kwamba kijitabu kilikuwa na mahali pake katika kichwa cha mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuwako.

Zamani watu wengi walitia karatasi zao katika mfuko wa plastiki na kuutundika msumarini. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea vitu kupigwa marufuku humu Kenya, tarehe 28 Agosti 2017, yafaa tutafute njia nyingine. Kabati ni ghali. Lakini ndoo ya plastiki yenye kifuniko imo karibu katika kila nyumba. Ubaya wa ndoo ni kuwa kilicho chini hakionekani mpaka vilivyo juu vimetolewa. Ndiyo sababu nasema: vitu vikubwa vikae ndani, na vile vinavyotakiwa kwa haraka vikae nje, katika mifuko, mbele ya macho ya wote.

Tangu Maendeleo ya Wanawake kuanzishwa Kenya mwaka 1952, akina mama wengi wamejifunza kushona katika vyama vyake. Lakini kazi hii hata kijana wa kiume aweza kuifanya, kwa sindano na uzi, bila cherehani. Pazia kuukuu lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 60 latosha. Leso peke yake ni nyepesi mno; ikiwa huna kitambaa kingine, ikunje iwe mara mbili.

Kwanza zungusha uzi kwenye ndoo, chini kidogo ya masikio yake, upate mzingo. Tuseme ni sentimita 90. Pima na kimo, kutoka hapo mpaka chini. Tuseme ni 28. Kata kitambaa cha nguo yenyewe urefu wa 94 na kimo cha 34, ili upate nafasi ya mshono na pindo. Kisha kata ukanda wa mifuko, urefu wa 114 na kimo cha 23. Ukanda umezidi kwa makusudi. Mfuko usio na nafasi ya kupanuka hauingii kitu ila karatasi moja.

Pinda ukingo wa juu wa ukanda sentimita 3, na wa chini 2. Uweke juu ya kitambaa, sentimita 5 kutoka chini. Acha sentimita 2 kila mwisho. Kisha piga chaki kila sentimita 22 katika ukanda, na kila 18 katika kitambaa. Kutanisha alama hizo, ushone mistari ya kusimama, nawe utapata mifuko 5. Kunja ziada ya kila mfuko pembeni, huku na huku, ndipo ushone chini. Katika pembe za juu rudisha sindano mara tatu au nne, maana hapo ndipo panapochanika kwanza.

Sasa unganisha ncha mbili za kitambaa, lakini uache wazi sentimita 3 juu na 3 chini. Pinda kingo hizo na upitishe kamba. Mwisho shona vitanzi viwili juu, vikielekeana, uvifunge kwenye masikio ya ndoo. Usivisahau! Ndoo ni nyembamba chini, na nguo isiyo na vitanzi huteremka mara mifuko inapojazwa. Ile ya kwanza ya dada yangu ilianguka siku ile ile.

Tena kuna mambo matatu ya kuangalia. Dawa, wembe, mkasi na kiberiti visitiwe kabisa katika mifuko hii, kwani mkono wa mtoto hufika; viwekwe juu, palipofungwa. Nguo si kifuniko. Nafaka yataka kifuniko chake kikazwe, panya wasiingie. Na ndoo iliyokuwa na rangi ya nyumba isiwekwe chakula, hata ikioshwa namna gani.

Siku hizi nyumbani mwa dada yangu mfuko wa kwanza, ulioshonewa uzi mwekundu, ni wa kijitabu cha kliniki. Kijana wake wa miaka 6 hajui kusoma vizuri, lakini ukimwambia, "Niletee kitabu cha mtoto," hukileta hata gizani, kwa kupapasa tu.

Basi leo jioni, kabla ya kulala, mwulizeni kila mtu nyumbani mwenu: karatasi za hospitali ziko wapi? Ikiwa ni mmoja tu anayejua, tafuteni sindano.

Kwaherini.