Gari linapomisi mlimani

Ndugu msikilizaji wa Kilolo, kama una Corolla au Hilux ya zamani yenye karbureta na unapanda mlima wa Kitonga, hali hii unaijua: unakanyaga mafuta, gari linasita, linatetemeka, kisha linashtuka. Injini inamisi, yaani kuna silinda isiyochoma sawasawa.

Usikimbilie kununua karbureta. Anza na plagi. Injini ikishapoa, zifungue moja moja utazame ncha zake. Ya kahawia hafifu ni nzima. Nyeusi yenye masizi makavu maana yake petroli imezidi hewa, na huku kwetu juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo chujio la hewa lililojaa vumbi linaongeza tatizo. Yenye oili mbichi ni habari nzito: pengine ringi za pistoni zimekwisha.

Je, linamisi asubuhi za ukungu tu, jua likitoka linatulia? Kagua nyaya za plagi na kifuniko cha distributa. Usiku, fungua boneti injini ikiwa inaunguruma; waya uliopasuka utauona ukirusha cheche za buluu. Tafadhali sana, usiuguse! Humo mna maelfu ya volti.

Cheche za plagi zikiwa nzuri, shuku mafuta. Petroli ya madumu inaweza kuwa na maji. Mwambie fundi akinge kidogo kwenye chupa ya kioo, nje, mbali na moto, iachwe itulie: maji yatakaa chini. Yakionekana, tangi limwagwe na filta ibadilishwe kabla hujapakia viazi vya kupeleka sokoni.