Tangi la Pikapu Linapovuja

Nakala ya mazungumzo kwa madereva na mafundi wa Busia na Malaba

 

Kila alfajiri pikapu hupita Busia na Malaba zikiwa zimebeba samaki, vitunguu na ndizi. Nyingi zimekula chumvi nyingi. Tangi la mafuta liko chini ya bodi, ambako hupigwa mawe na kurushiwa tope. Tope likikaa kwenye mshono na chini ya mikanda inayoshikilia tangi, kutu huanza. Siku moja mwenye gari huona geji ikishuka bila safari, au huamka na kukuta harufu ya petroli uani.

Jambo la kwanza ni kuliondoa gari penye moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na unaweza kulifikia jiko la mahindi choma lililo mbali na gari. Injini izimwe, gari lisukumwe hadi mahali wazi, waya hasi wa betri ufunguliwe. Mwangaza uwe wa tochi, kamwe si kiberiti. Na asiingie mtu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

La pili ni kutafuta tundu lenyewe. Mafuta hufuata mshono na paipu, kwa hiyo mahali yanapodondoka huenda si mahali yanapotokea. Tangi lipanguswe likauke, kadibodi itandazwe chini, kisha unyevu ufuatwe kwenda juu hadi mwanzo wake. Tangi linalovuja likiwa limejaa tu, tatizo huwa juu: mpira wa kujazia mafuta, mpira wa hewa au gasketi ya geji. Likivuja zaidi injini inapofanya kazi, paipu za mafuta zikaguliwe. Linalovuja usiku kucha gari likiwa limesimama, kwa kawaida limeliwa na kutu upande wa chini, au nati ya kumwagia imelegea. Mara nyingi dawa ni mpira mpya na klipu, wala hakuna haja ya kuchomelea chochote.

Madereva wa zamani wanajua kuziba tundu kwa sabuni ya kipande. Hushika, kwa kuwa petroli haiiyeyushi sabuni kwa urahisi. Lakini maji ya mvua huiyeyusha. Sabuni ni ya kulifikisha gari gereji ya karibu, si ya kulifikisha Kisumu.

Gereji, mafuta yatolewe na kuwekwa kwenye chombo cha mafuta chenye kifuniko, kisha tangi lishushwe. Tundu dogo huzibwa kwa gundi ya epoksi ya matangi, baada ya kutu kukwanguliwa hadi chuma king'ae. Chuma kikiwa kimekonda, tafuta tangi jingine.

Hapa ndipo maisha hupotea. Wengi hudhani tangi tupu ni salama. Kumbe tangi tupu la petroli linaweza kuwa hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani yake mvuke umechanganyika na hewa, na cheche moja hulipua. Kulisuuza mara moja hakutoshi, maana petroli hujificha kwenye kutu na mishono. La dizeli nalo hutoa mvuke likipashwa moto. Fundi asiye na njia ya kulisafisha tangi na kuhakikisha mvuke umekwisha, asipewe kazi ya kulichomelea, hata akiwa rahisi namna gani.

Mwisho, mafuta yanayomwagika si riziki. Julai 2021, lori la petroli lilipata ajali Malanga, Kaunti ya Siaya, kwenye barabara hii hii ya Kisumu kwenda Busia. Watu walikwenda na mitungi kuchota, moto ukalipuka, na wasiopungua 13 wakafariki. Pikapu hubeba mafuta machache kuliko lori, lakini moto ni ule ule. Dereva anayeona gari likivuja awaondoe watoto na majiko kwanza, na moto ukizuka apige simu 999 au 112. Gari hununuliwa tena. Maisha hayana duka.