Daftari la Fundi na Maabara ya Chuo: Pa Kuanzia Kuboresha Paneli za Sola



Paneli ya sola hupimwa kiwandani ikiwa na joto la nyuzi 25 za Selsiasi, na wati zilizoandikwa mgongoni mwake ni za hali hiyo. Joto likipanda, paneli ya silikoni hupoteza takribani asilimia 0.4 ya uwezo wake kwa kila nyuzi moja. Hapa Mafiga, Morogoro, paneli iliyolazwa juu ya bati mchana wa Januari inaweza kufika nyuzi 60. Ile ya wati 100 ikabaki na kama 86. Ongeza vumbi la kiangazi. Mteja akilalamika, huambiwa betri imechoka.

Mafundi wetu wa sola wanayafahamu mengi kuliko yaliyomo vitabuni: kiunganishi gani huungua, inveta ipi hurudishwa dukani kila masika. Maarifa hayo hufia kwenye daftari la duka. Hatua chache kutoka hapa, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina wahandisi, na kila mwaka wanafunzi wake hutafuta mada za utafiti. Naamini ushirika wa chuo na kampuni uanzie kwenye daftari hilo, kabla ya hafla ya kutia saini makubaliano.

Wenzetu wa mbali walivuka pengo kati ya chuo na kiwanda polepole. Mwaka 1989, watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walichapisha muundo wa seli ya sola uitwao PERC. Ilipita miaka zaidi ya 20 ndipo viwanda vikaanza kuuzalisha kwa wingi. Kilichosaidia ni watu: Shi Zhengrong, aliyesomea uzamivu chuoni hapo, alianzisha kampuni ya Suntech nchini China mwaka 2001. Naivasha, Kenya, kiwanda kimekuwa kikiunganisha paneli tangu 2011, kwa seli zinazoagizwa nje. Sisi hatuhitaji kusubiri kiwanda cha seli. Yapo mengi ya kuboresha kuizunguka seli.

Vianzi, mkoani humu, inatuonyesha hilo. Katika kituo cha mafunzo ya wakulima cha shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, kwa ushirikiano na watafiti wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, paneli ziliinuliwa juu ya nguzo na mazao yakapandwa chini yake. Kivuli hupunguza maji yanayopotea kwenye udongo, na baadhi ya mazao, maharage yakiwamo, yalistawi. Unyevu unaotoka kwenye majani nao unaweza kuipoza paneli. Lakini nguzo ziwe na kimo gani ili mkulima apite na jembe? Maji ya mvua yadondokee wapi yasichimbe tuta? Mchomeleaji wa vyuma ana la kusema hapa sawasawa na profesa, na ninasikitika kwamba mara nyingi huitwa kazi ikiwa imekwisha kuchorwa.

Napendekeza, basi, maduka machache ya Morogoro yakubali wanafunzi wakae nayo msimu mzima, kiangazi na masika, wakipima joto, vumbi na wati kwenye paneli za wateja walioridhia. Kampuni igharamie vipimo, chuo kitoe msimamizi, fundi alipwe kwa muda wake. Mkataba useme mapema kwamba majina ya wateja yataondolewa, na kwamba matokeo yatachapishwa ndani ya mwaka mmoja, kwa Kiswahili pia, hata yakionyesha kuwa bidhaa ya mfadhili ni dhaifu.